Mlango wa Bluu kwa Ndani

Mwaka 1971, nikiwa na miaka ishirini na minne, mume wangu alifariki na shida ikaanza. Aliniachia watoto wawili, nyumba ya vyumba sita vitupu hapa Temeke, na sanduku la vyombo vya useremala alivyokuwa akivichezea Jumapili. Mie niliishia darasa la pili. Nilijua kusoma jina langu, na kukataa.

Nilipotoka eda tu, shemeji yangu, kaka wa marehemu, akaja kutoka Lindi. Akanywa chai yangu, akasema nyumba bila mwanamume haisimami. Kama hadi mwisho wa mwezi sijapata mpangaji, watoto anawachukua Lindi, na nyumba ataiangalia yeye. Ataiangalia. Nilimwelewa vizuri sana. Akabaki hapo hapo kusubiri mwezi uishe.

Akaja dada mmoja wa bara, muuguzi wa zahanati. Chumba cha mbele alikipenda, ila hakikuwa na mlango. Siku ya msiba wanaume waliung'oa wakakatia nyama ya pilau juu yake, na tangu hapo ulikuwa umeegemezwa uani.

"Nafanya kazi usiku, nalala mchana," akaniambia. "Nataka mlango wa kitasa, unaofungwa kwa ndani. Kufuli na komeo sitaki. Jumamosi nakuja na kitanda. Nisipoukuta, nimeona chumba Keko."

Nikazunguka kwa mafundi. Kila mmoja alikuwa na kesho yake. Nikafungua sanduku la marehemu, nikakuta kitasa kipya bado kimefungwa kwenye karatasi yake, na keke ya mkono, ile ya kuzungusha kutobolea mbao. Kitasa kilitaka tundu la duara mlangoni, upana wa kizibo cha soda, na ncha za keke zote zilikuwa nyembamba. Kariakoo muuza vyuma akanionyesha msumeno wa kutobolea matundu: kikombe cha chuma chenye meno ukingoni na ncha katikati, unakipachika kwenye keke. Kizuri sikukiweza. Nikachukua cha bei ya chini, chepesi kama kopo la maziwa. Akauliza fundi ni nani. Nikamwambia yuko nyumbani ananisubiri.

Mlango ulikuwa wa mninga. Nikausugua kutoa mafuta ya nyama, nikaulaza uani, nikaukalia, nikazungusha. Moshi ukatoka, meno mawili yakaruka. Nikaona hapa haraka haifai. Nikapaka sabuni kwenye meno, nikawa nazungusha kidogo, natoa kikombe, napuliza unga wa mbao, narudisha. Ncha ya katikati ilipochungulia upande wa pili, nikaugeuza mlango, nikamalizia huko ili mbao isipasuke. Hakuna aliyenifundisha. Ukiwa na kifaa cha bei rahisi, mkono wako ndio unakuwa wa bei ghali.

Tundu likatoka safi. Shemeji muda wote alikuwa kakaa kwenye kigoda, hajainua hata kidole.

Nikaupeleka mlango kwenye fremu. Tundu liko upande wa bawaba.

Marehemu aliununua mlango ule kwenye nyumba iliyobomolewa, kingo zote mbili zilikuwa na matundu ya skrubu za zamani. Ningejuaje upande? Shemeji akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Shemeji, huyo mpangaji atafungulia bawaba? Wafungashie watoto nguo."

Nikautazama ule mlango. Uso mmoja bluu, uso mwingine mbao tupu yenye makovu ya visu vya pilau. Nikaona nikiugeuza, wa ndani uende nje, tundu linahamia upande wa kitasa, kimo kile kile.

"Inuka ushike hapa," nikamwambia.

Akashika. Angefanyaje, majirani walikuwa wamejaa koridoni wanatutazama. Nikahamisha bawaba, nikafunga kitasa.

Jumamosi muuguzi akaja na kitanda chake. Akapitisha kidole kwenye makovu, akaingia, akajifungia. Mie nimesimama koridoni, shemeji na kikombe chake cha chai nyuma yangu.

"Mama mwenye nyumba," sauti ikatoka ndani, "mbona rangi iko huku?"

"Rangi ni ya anayelipa. Wapitao koridoni wananilipa nini?"

Akacheka, kisha nikasikia kitanda kinaburutwa kwenda ukutani. Shemeji akarudi Lindi peke yake.

Muuguzi alikaa mpaka alipoolewa. Wapangaji waliomfuata walitaka na wao rangi iwe ndani, wakidhani ndiyo fasheni, na majirani wakaanza kuniletea milango yao niitoboe. Nilitoboa mingi, na nililipwa.

Leo nina nyumba hii ya Temeke, umeme na maji ndani. Nyumba ya vyumba vinne Gongo la Mboto. Shamba la minazi Kimbiji. Cherehani. Kuku, idadi wanaijua wenyewe. Watoto wawili waliokulia hapa hapa. Keke moja, na kikombe kilichobaki na meno matano.