Sura Mbili za Makaburi ya Mulgarra

Jua halijachomoza na nzi wameshamfikia Nevina Togni. Amepiga magoti kwenye vumbi jekundu mbele ya jiwe la kaburi, ndoo ya maji ubavuni, na anampigia marehemu mswaki.

"Tulia, Battista, nimebakiza sikio tu," anaiambia picha iliyo kwenye jiwe. Kisha ananigeukia. "Usiandike kwamba naongea na wafu. Andika kwamba wao hawanikatizi."

Mulgarra, huku kwenye machimbo ya dhahabu ya Australia Magharibi, ilikuwa na mgodi, hoteli na ukumbi wa kupigia kodiani. Mgodi ulipofungwa watu waliondoka na milango ya nyumba zao, maana mbao zilikuwa ghali. Limebaki bomba la moshi, mabati yanayopiga kelele, na makaburi.

Upande wa Waitaliano kila jiwe lina sura ya mwenyewe, picha iliyochomwa kwenye kigae cha kauri chenye umbo la yai.

"Babu zetu hawakuamini jina peke yake," anasema Nevina, 58, mchonga mawe wa mji wa Kalgoorlie. "Karani anaweza kuliharibu jina. Sura ataiharibu vipi?"

Riziki yake ni mawe mapya. Haya ya zamani anayahudumia bure, na ukimwambia anapoteza muda atakutazama mpaka uone haya.

Mwaka huu, wakati wa baridi, wezi walibandua picha mbili. Polisi walizikuta sokoni zimeviringishwa kwenye taulo. Wanaume wawili, masharubu yaleyale, kola ileile ya kuazimwa studio. Na mawe mawili yamebaki na shimo: Quadrio na Pedranzini. Nani ni nani?

Swali hilo si la mchezo. Leo ni siku ya kuwakumbuka marehemu wote, na Ersilia Quadrio, 88, yuko njiani akitokea Perth. Baba yake aliangukiwa na mwamba mgodini Ersilia akiwa bado tumboni. Mama akaondoka na kichanga chake, asirudi tena. Ersilia hajawahi kuiona sura ya baba yake.

"Nikikosea, bibi wa watu atambusu mtu baki," anasema Nevina. "Na gundi hii ikishakamata, basi. Ukiing'oa picha inapasuka."

Si angemuuliza kwa simu?

"Nilimpigia! Kasema picha ya baba hana."

Picha moja ina madoa meupe begani, na Nevina anaamini ni chokaa ya maji ya kisima. "Nimesugua na siki, nimesugua na majivu. Yamegoma."

Gari linafika. Ersilia anashuka na mkongojo, maua ya krisanthemu na mfuko wa chakula.

"Fundi ndiye wewe? Mbona umekonda hivyo, mwanangu? Kula kwanza."

"Bibi, nina shida kubwa kuliko njaa."

"Hakuna shida kubwa kuliko njaa. Shika soseji."

Nevina anakula huku akimweleza. Ersilia anasikiliza, kisha anatoa kwenye mkoba picha ya bibi harusi iliyokatwa kwa mkasi. Mkono wa bibi harusi unanyooka pembeni na kuishia kwenye kifundo.

"Hii ni ya mama. Baba alikuwa huku," anasema, akigusa ukingo uliokatwa. "Walikuwa na picha moja tu. Mama akaikata, akampeleka mumewe Italia akachomwe kwenye kauri. Kigae kikaletwa huku, lakini ile nusu ya picha mafundi hawakuirudisha."

Nevina anaacha kutafuna. Anachukua kile kigae chenye madoa, anakisogeza kando ya bibi harusi. Madoa ni vidole vinne, ndani ya glavu nyeupe.

"Mama yangu wee! Kumbe nilikuwa namsugua bibi harusi mkono!"

"Tena kwa siki!" Ersilia anacheka mpaka anashika jiwe la jirani. Mimi nilicheka pia, kisha nikajikuta nafuta machozi na sikuona aibu.

Pedranzini anabandikwa kwanza. Hana ndugu anayejulikana, kwa hiyo Ersilia anamgawia nusu ya maua. Halafu Quadrio anapakwa gundi, na Nevina anamshikilia kwa kiganja mpaka akamate.

Akiwa hapo anatueleza mpango wake: mwakani ataenda kujifunza kuchoma picha kwenye kauri, asitegemee tena mafundi wa mbali. Oda ya kwanza anaipata papo hapo.

"Mchome mama, umlete akae na mumewe," anasema Ersilia. "Halafu uje unipige picha mimi, nikiwa nimetoka saluni."

Nevina anaondoa kiganja. Ersilia anavaa miwani, anainama, anatazama kwa muda mrefu.

"Jamani, mbona ni mtoto huyu! Mjukuu wangu ni mkubwa kwake."

Anabusu ncha za vidole vyake, anamgusa shavuni. Kisha anajinyoosha na kutengeneza nguo yake.

"Baba, ni mimi, Ersilia. Nimechelewa kidogo."