Siku Padre Alipotukuta Hatupo

Harufu ya mabibo yaliyoiva, tamu na kali kwa pamoja, bado hunirudisha Chinongwe, kwenye msimu wa korosho niliokuwa najiandaa kwa sakramenti ya kipaimara. Baba yangu alikuwa katekista, na jirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu, watu wa korosho na ufuta. Walimwita Mwalimu, na walijua saa kwa kumtazama, kwani Baba hakuchelewa popote. Ratiba yetu aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango: sala, shamba, masomo, hata muda wa kuoga. Alituambia kwamba muda ni mali ya Mungu na sisi tumekabidhiwa tu.

Jumamosi moja Padre alikuwa anakuja kutoka Ruangwa, saa kumi kamili, kutuuliza maswali. Tulikuwa watoto tisa wa kipaimara, na Baba alikuwa amebakiza somo moja kutufundisha. Saa nane hivi Bi Somoe, jirani yetu, aliingia uani bila hata kupiga hodi, kanga moja begani, nyingine akiiburuta.

"Mwalimu, mzee wangu haonekani. Tangu asubuhi."

Mumewe, Mzee Issa, alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu. Siku nyingine alimsahau hata mkewe. Na jua la siku ile lilikuwa linachoma.

"Baba, bado somo moja," nilisema, maana niliogopa aibu ya kushindwa. "Na Padre je?"

Baba alitazama saa yake, kisha akafunga kitabu. "Muda tulionao ni wa Mungu, mwanangu. Leo amemtuma Bi Somoe aje kuuchukua. Inukeni wote."

Tulitawanyika mashambani tukiita hadi sauti zikakauka. Mimi ndiye niliyemwona, mbali kabisa, kwenye shamba lake la zamani alilokwisha kuwarithisha wanawe. Alikuwa peku, midomo imepasuka kwa kiu, ananyofoa korosho kwenye mabibo na kuimba. Niliwaita wengine, tukampa maji akanywa, lakini kuondoka akakataa katakata.

"Kikapu hakijajaa," alisema. "Nyie watoto wa nani, hamna kazi?"

Baba alicheka mpaka akashika kiuno. Tukainama wote, katekista na wanafunzi wake, tukaokota mpaka kikapu kikajaa. Ndipo mzee akakubali kushikwa mkono.

Tulifika saa kumi na moja na nusu, mikono inanata utomvu. Padre alikuwa ameketi barazani kwa Bi Somoe, ameletewa uji. Baba alianza kuomba radhi. Padre akamkatiza: "Bi Somoe amenieleza yote. Nawa mikono, Mwalimu, uji unapoa." Maswali alituuliza palepale, na mimi nilisahau sakramenti mbili kati ya saba. Ilinibidi nirudie wiki iliyofuata. Nililia kidogo, kisha nikaenda kunywa uji.

Sasa naishi Nachingwea mjini, na simu yangu inanikumbusha kila kitu. Watu hupiga kwanza kuuliza kama nina nafasi, na mara nyingi nawajibu kwamba sina. Jioni nikisali, nikijaribu kumweleza Mungu siku yangu ilivyokwenda, mara nyingi sikumbuki hata ya jana. Lakini Jumamosi ile naikumbuka saa kwa saa.