Bukari ya Tata Tshilombo

Mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake ni jirani yetu hapa Manika, Tata Tshilombo, yaani Baba Tshilombo. Mabega yake mapana, sauti yake nene, na kucha zake zina mafuta meusi yasiyotoka hata kwa sabuni, kwa sababu anaendesha treni inayotoa mawe ya shaba mgodini. Lakini tangu mwezi wa kumi wa mwaka jana, yaani 1975, ukikutana naye saa za mchana, amewabeba mapacha wake, Mbuyi mgongoni na Kabanga kifuani, kila mmoja na kitenge chake, na mkononi ana ndoo.

Siku ya kwanza alipokuja bombani hivyo, nilikuwa kwenye foleni. Mama Kanku, muuza mikate, ndiye aliyemwona wa kwanza.

"Eh, ba mama, muangalie! Tata amezaa!"

Wanawake walicheka mpaka wakapigana mabega.

"Tata Tshilombo, na maziwa itatoka?" akauliza Mama Kanku.

Yeye akaweka ndoo chini polepole, asimwamshe Mbuyi. "Iko ya bwate, ile ya mukebe, ku nyumba, mama. Njala ikikushika, kuya na kikombe."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Mama Kanku. Mimi sikucheka. Nilibaki nimetoa macho tu. Kwetu sisi ambao babu zetu walitoka Maniema, sijawahi kumwona baba yangu, Feruzi, akimbeba mtoto kupita mlango wa nyumba. Na kwa Waluba wa Kasai, mama aliniambia, baba wa mapacha anaheshimiwa sana, anaimbiwa nyimbo zake. Lakini kuwafunga mgongoni? Hapana, hiyo haijaonekana.

Sababu ni mke wake, Tshiela. Zamani aliitwa Henriette, kabla ya majina ya kizungu kukatazwa. Alipowazaa hao mapacha alipata taabu siku mbili, na Kabanga alitoka bila kulia, amelegea kama kitambaa. Mkunga mmoja mzee akampulizia mdomoni mpaka akalia. Tangu siku ile Tshiela akasema, kazi ile na mimi nitaijua. Mapacha walipoacha ziwa, shule ya wakunga ya kule Likasi ikamkubali kwa masomo ya miezi kumi. Ila shule haimpokei mke wa mtu bila barua ya mume. Tata Tshilombo akaiandika na kutia jina lake. Na kila mtu wa ukoo wake alijua jambo moja: mume akiandika barua nyingine kwamba anamtaka mke wake, siku ileile Tshiela atafungiwa mizigo yake na kurudishwa.

Asubuhi, Tata akiwa kazini, mapacha wanakaa kwa mama yangu. Kuanzia saa nane ni wake. Siku moja nilimwona anatwanga sombe, majani ya mhogo, uani, nikamuuliza juu ya ukuta:

"Tata, hausikie haya?"

"Haya ya nini, Nuru? Sombe haiulizake kama mwenye kuitwanga ni mwanaume."

Basi mwezi wa nne akaja baba yake mkubwa, Tshibangu, kutoka Musonoi. Jua lilikuwa kali, lakini koti lake la abakosi lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokwisha kupigwa mashini. Kati ya nyumba yetu na yao kuna matofali tu, na mdomo wa mzee yule si mdogo, kwa hiyo nilisikia yote.

"Hii ni barua ya kumurudisha bibi yako. Tia jina, basi."

"Tata mukubwa, amebakisha miezi tatu."

"Miezi tatu! Kule Musonoi banatucheka. Banauliza: Tshilombo njo alioa, ao njo aliolewa?"

Mzee akaendelea: "Siku ya yenga tutakuya, bazee bane. Tutakula kwako, kisha utatia jina mbele yetu. Tuone nyumba bila mwanamuke itatulisha nini."

Huo ndio ulikuwa mtego wenyewe. Kwao, neno la ukoo halikatwi bila kula pamoja. Mwenye nyumba akishindwa kuwalisha wazee, ameshindwa neno kabla ya kufungua kinywa. Na mwanaume hawasongei wanaume wenzake bukari, yaani ugali. Wazee wanasema anayekula bukari iliyosongwa na mkono wa kiume, nguvu zake zinakwisha. Kwa hiyo ilibaki njia moja, aende kumwomba mwanamke fulani, na akisha kuomba, amekwisha kukubali kwamba nyumba yake haiendi bila Tshiela.

Jumamosi mama yangu alimwendea mwenyewe.

"Tata, nitapika mimi. Bukari ya batu batano, ni kazi gani?"

"Aksanti, mama. Mi nitapika."

"Batajua!"

"Batajua, ndiyo. Mi mwenyewe nitabaambia."

"Mbele ya kula?"

"Kisha kula."

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya yenga, yaani Jumapili, nilipewa kazi ya kuwashika mapacha. Nikamtazama Tata. Alikaa kwenye kibao kifupi, miguu imebana sufuria, mwiko ameushika kwa mikono yote miwili, jasho linashuka mpaka kidevuni. Mwezi wa kumi bukari yake ilikuwa na mabonge, hata mbwa wetu aliinusa akaondoka. Sasa ilikuwa inageuka nzima, nyeupe, inapiga mvuke. Kuku alikuwa tayari, sombe tayari.

Wazee wakaingia baada ya misa. Maji ya kunawa yakapita. Tshibangu, kwa kuwa ni mkubwa, akapewa firigisi ya kuku. Akamega bukari, akaiviringa, akachovya. Akamega tena.

"Hii bukari inashika mukono," akasema. "Muzuri sana. Nani alipika?"

"Mukule kwanza, tata mukubwa."

Wakala. Mzee mmoja mnene alikwangua mpaka chini, na Tshibangu akaisifu mara mbili zaidi. Walipomaliza, akaweka ile karatasi kwenye meza, na kalamu juu yake.

"Mbele ya kazi, mwite ule mama mwenye kupika, tumushukuru."

"Mwenye kupika ni mi."

Nilisikia Kabanga anavyonyonya kidole. Mzee mwembamba akatoka mbio kwenda kutema nje. Yule mnene akatazama kiganja chake, akalamba kidole kilichobaki na mchuzi, akasema: "Kama ni sumu, imekwisha kuingia."

"Umetutia haya!" Tshibangu alisimama. "Bazee bazima, unatulisha mukono ya mwanaume!"

"Tata mukubwa, huu mukono unaendesha treni. Huu mukono ulimuzika baba yangu, ndugu yako. Na umeusifu mara tatu. Nguvu yako imepunguka wapi? Unionyeshe."

"Tia jina!"

"Sitatia."

"Tshilombo!"

"Nilitiaka jina mara moja, juu Tshiela aende. Ninyi njo mulinifunzaka: mwanaume anasema neno moja. Leo munataka niseme mbili? Sasa nani anavunja mila hapa?"

Mzee mwembamba alikuwa amerudi mlangoni. Tshibangu akakunja karatasi mara nne, akaisukuma mfukoni mwa abakosi.

"Basi hauko tena mu kikao yetu. Neno ya nyumba ya baba yako tutampa mudogo wako. Kukiwa ndoa, kukiwa kilio, hatutakuita."

Hapo niliona taya ya Tata Tshilombo inacheza. Lile halikuwa jambo dogo. Kwao, mtu asiye na kiti katika kikao cha ukoo ni kama mtu asiye na baba, na yeye alimpenda baba yake. Kisha akasema:

"Sawa. Lakini Tshiela hatarudi mbele ya mwezi wa saba."

Tshibangu akatafuta wa kumkalipia, akaniona mimi. "Weye, mutoto mwanamuke! Toa masahani."

Nilisimama hata kabla ya kufikiri, ndivyo tulivyolelewa.

"Nuru, kaa," akasema Tata Tshilombo.

Nikakaa. Sahani chafu za wanaume mbele yangu, na mimi nimekaa!

Yeye akazikusanya zote, akatoka uani. Hakwenda nyuma ya nyumba, ambako hakuna macho. Alifungua lango la barabarani kwa mguu, akaweka beseni palepale wazi, watu wa misa ya pili wanapita na vitenge vyao vya sikukuu, akaanza kuosha. Watu wakapunguza mwendo. Wazee wakapita kando yake bila kuaga, mmoja, wawili, watatu. Yule mnene alikuwa wa mwisho. Akasimama, akatazama wenzake walivyotangulia, akainama kidogo.

"Tshilombo. Ile bukari... unga unaitia mara ngapi?"

"Mara mbili, tata!" akajibu Tata Tshilombo, kwa sauti yake ya treni, barabara nzima isikie. "Na usiache kusonga hata mukono ikiuma!"