Tarumbeta Bila Meno

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa kule Butiama, nikaacha shule darasa la tatu. Jazi nilijifunzia kwenye bendi Musoma, na mpiga tarumbeta mmoja ndiye alikuwaga ananilisha. Mwaka huu, nilipotunga albamu ya bendi kubwa, nilimfuata Bunda. Meno ya mbele hana tena.

"Mdogo wangu, tarumbeta si uji," alisema. "Tafuta vijana."

"Vijana ninao, kaka. Nakutaka wewe."

Nikaishusha sauti ya wimbo wake mzima, noti zisipande juu sana, ili midomo yake iuweze. Wapigaji wengine walinuna. Nikawaambia bendi ni yangu, wakapiga. Sauti yake ilitoka na pumzi nyingi, lakini ilitoka.

Leo nina nyumba Iringo, pale Musoma mjini, ng'ombe saba, saksafoni mbili na albamu hiyo.