Muitaliano wa Sauti ya Kwanza

Wimbo wa Mama Neema utaimbwa Jumapili, na atakayeuongoza ni mwanamume mwenye ndevu. Mwalimu wetu wa kwaya ametangaza hivyo leo mchana.

Ilikuwa hivi.

Mama Neema huongoza sauti ya kwanza. Ametunga wimbo kwa ubatizo wa mjukuu wake, kisha mafua yakamkausha koo. Mwalimu alikuwa karibu kuufuta.

Mama Rehema, anayeshona mavazi ya opera mjini, akaja mazoezini kwetu hapa Scarborough na mgeni, mwimbaji wa Kiitaliano.

Mwalimu alimtazama mara moja tu. "Kifua hicho? Sauti ya nne, nyuma kule."

Mgeni akaenda kusimama na wanaume wa besi.

Wanawake wakaanza, wakaishiwa nguvu kwenye sehemu ya juu. Sauti moja ikaendelea peke yake, nyembamba, safi, bila kujikaza. Sote tukamgeukia Mama Neema.

Akaonyesha mstari wa besi kwa kidevu.

"Eh, muzungu! Sauti hiyo umeitoa wapi?" Mwalimu akamuuliza mgeni.

Mama Rehema akamtafsiria, naye akajibu kwa Kifaransa, lugha tunayoielewa sote, kwamba alianza na besi, na walimu walimcheka alipohamia sauti ya juu. Sasa huigiza wafalme na majemadari wa opera za kale, wote kwa sauti hiyo.

Nimeandika habari za maonyesho mengi. Pumzi ndefu kama ile sijaisikia.

Likabaki suala la mstari. Sauti ya kwanza ni akina mama watupu, wote katika sare ya kitenge kimoja.

"Asimame mahali pangu," Mama Neema akanong'ona. "Ila avae kama sisi."

Amekubali. Nyinyi mngemweka wapi?

Mama Rehema atampima kitenge Jumamosi saa nane mchana, kabla ya mazoezi ya mwisho.