Gauni la Mama, Shubiri Tano

Juzi tunakunja nguo hapa Azaiba, huku Uarabuni, mpwa wangu wa miaka minane kaniuliza, "Mama mkubwa, gauni ndiyo nini?" Kwao wao kila kitu dishdasha au abaya. Roho iliniuma, wacha nikwambie, na kosa si lake.

Miaka ya tisini neno hilo halikukosekana nyumbani kwetu. Bibi alivaa gauni siku nzima, kanga juu yake, linanukia udi na iliki. Jirani yetu, aliyekuwa nesi Unguja zama za Waingereza, akitwambia neno ni lao, na kwao hata hakimu huvaa gauni.

"Mwanamme na gauni! Makubwa haya!" Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Ukubwani nilisoma kwenye kamusi ya Kiingereza ya mdogo wangu kuwa asili ya neno ni vazi la manyoya, la wazee na wagonjwa kujikinga na baridi. Bibi hakuwahi kulijua hilo.

Mama alipomfuata baba kaburini, nguo zake zilitolewa sadaka, ndiyo ada yetu. Bibi alibakisha gauni moja, la maua ya zambarau. "Hili lako, ukikua." Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nishaacha skuli nilee wadogo zangu.

Idd ikakaribia, mdogo wangu wa kike, wa miaka minane, analia hana nguo mpya, na Bibi yuko mji wa Qurayyat anamuuguza dada yake. Nikalitoa gauni sandukuni. Bibi hakuwa na kawaida ya futi, siku zote akipima kwa mkono, akisema: "Mtoto wa miaka minane, shubiri tano, na vidole vinne vya pindo." Nikapima tano, nikakata. Lakini zilikuwa shubiri za mkono wangu mdogo, si za Bibi.

Likamwishia magotini. Ikabidi avae na suruali chini, kama wanawake wa huku wanavyovaa dishdasha zao fupi.

"Limeshakuwa dishdasha hilo!" jirani akatania, wote wakacheka. Bibi aliporudi alinishika viganja, akavitazama. "Si ungeningoja, mwanangu?"

Sasa Bibi hayupo, jirani hayupo, hata neno lenyewe linapotea midomoni mwetu. Juzi hiyo, aliponiuliza, nilimsimamisha mpwa wangu, nikampima kwa mkono toka begani. Shubiri tano, zikafika barabara hadi vifundoni.

"Mama mkubwa, si kuna futi?" akanicheka.

Ukikua, aliniambia Bibi. Haya, nishakua. Gauni liko wapi?