Hina Kabla ya Pasipoti

Mama anaishi Maskati tangu nikiwa darasa la tano. Tumezoea kuonana kwenye simu ya bibi, yeye akiwa jikoni kwake, sisi uani kwetu Pongwe. Mwaka huu alisema likizo ya Desemba niende. Kilichobaki ni pasipoti, na pasipoti ilitaka alama za vidole.

Jioni kabla ya kwenda mjini, bibi alichuma majani ya mhina ulio karibu na bafu, akayatwanga, akanivuta mikono.

"Tulia, mke mwenzangu. Mama yako akuone umetoka kwenye nyumba ya watu."

Alinipaka kila ncha ya kidole, akanifunga vitambaa. Sikuuliza kitu, mimi huwa siulizi. Na kusema kweli nilipenda. Asubuhi vidole vilikuwa vyekundu vya kuiva, karibu vyeusi.

Ofisini, afisa, dada mwenye miwani, alimwamkia bibi shikamoo, kisha akaniambia niweke vidole kwenye kioo cha mashine. Mashine ikalia. Nikaweka tena. Ikalia. Akanigeuza kiganja.

"Nani kakuchovya?"

Bibi akanijibia kwa majivuno, "Mimi. Imekolea, sivyo?"

"Imekolea mno, bibi. Mashine haioni mistari. Mrudi ikitoka."

"Itatoka lini?"

"Mtaalamu ni wewe, bibi. Mimi najua mashine tu."

Watu kwenye benchi wakacheka. Bibi hakucheka. Mimi nilibaki nimenyoosha mikono, naitazama kana kwamba si yangu. Hina ya bibi tunaijua: mpaka itoke, na pasipoti nayo isubiriwe, shule itakuwa imefunguliwa.

Tuliporudi, bibi alinisugua kwa limau, chumvi na dodoki. Ngozi ikawa inawaka, rangi ipo palepale. Mama akapiga.

"Hebu nione hiyo mikono."

Nikainua. Akasogeza uso kwenye simu.

"Mama," akamwambia bibi, "hata mimi ulinipaka siku naondoka."

"Wewe nilikupaka miguu," bibi akasema polepole. "Miguu hawakuiuliza kitu."

Mama akacheka, halafu akajifuta macho kwa pindo la mtandio. "Basi, itakuwa likizo ya mwezi wa sita."

Nikaenda kulia bafuni, bomba nimelifungulia.

Asubuhi niliamshwa na mlio wa panga. Nilipotoka, mhina ulikuwa umelala chini, kimebaki kisiki. Mti ule umepaka maharusi wa mtaa mzima. Nilisimama mlangoni.

"Bibi, umefanya nini?"

Nadhani sijawahi kumuuliza hivyo. Hakukasirika. Alipangusa panga kwa kanga, akalisimamisha ukutani.

"Huu huchipua," alisema. "Mpaka uwe na majani ya kutwanga, wewe utakuwa umeshaweka vidole vyako."